Mwaka Viazi vya Bibi Vilipoliwa Kutoka Chini

Tulimzika Deo Jumamosi ya mvua. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake Takoma Park, huku Marekani, tukawa tunakula wali na kuku kwenye sahani za karatasi, ndipo binti yake Neema, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na ana mvi anazozipaka rangi, aliponisogelea na kuniuliza, kwa Kiingereza chake, kama ni kweli bibi yake aliwahi kuuchimbua uwanja wa jirani. Nikaangua kicheko msibani. Wazee wa kanisa wakageuka kunitazama, nami nikajifanya nimepaliwa na wali. Nikamwambia ni kweli, tena yeye mwenyewe alikuwepo, ana miaka tisa, kashika ndoo. Hakukumbuka hata chembe. Ikanijia kwamba habari za mwaka ule wa 1998 sasa zimebaki kwangu peke yangu, maana nyingine tulizijua mimi na Bibi tu, na Bibi alishatangulia zamani. Mimi nami si binti tena. Miwani naitafuta ikiwa usoni. Heri niandike sasa.

Niliingia nyumba ile mwezi wa Januari, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilipewa chumba cha chini, chini kabisa ya jiko, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto. Kutoka kwenye tanuri lile bomba kubwa la bati lilipanda hadi jikoni, nalo liliniletea kila neno lililosemwa huko juu, hata nikijifunika blanketi gubigubi. Sikuwa mdaku, lakini mtu hawezi kuziba masikio mwaka mzima. Makubaliano yalikuwa mepesi: nilale bure, jioni nisome chuo kule Rockville, na mchana nishinde na mama yake Deo, kwa kuwa Deo alikuwa ofisini na mkewe, Mama Neema, alikuwa muuguzi wa zamu zisizokwisha. Deo nilimwita kaka kwa sababu sote tulitoka Bukoba, ingawa kwa umri angeweza kunizaa; yeye aliniita Koku, jina langu. Mama yake nilimwita Bibi, kama Neema alivyomwita. Alikuwa ameletwa Marekani baada ya kufiwa na mumewe, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono ya jembe na ulimi wa pilipili.

Majira yale ya baridi tuliyamaliza jikoni, mimi na yeye, tukimenya ndizi mbichi zilizonunuliwa kwenye duka la Walatino, watu wa Amerika ya Kilatini. Alizimenya huku akizisema. Hizi si ndizi, alisema, hii ni mihogo iliyojivika maganda ya ndizi. Tulizipika na maharage na samaki mkavu, na harufu ya samaki yule ikakaa kwenye makoti ya watu hadi Deo akawa analifungia lake kwenye gari. Bibi hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Neema alimwelewa, lakini alimjibu kwa Kiingereza, na Bibi alikuwa akinigeukia kuniuliza, "Huyu amenitukana au ameniitikia?" Barafu ilipoyeyuka mwezi wa Machi alisimama dirishani akautazama uwanja wa nyuma siku nzima. Deo aliporudi kazini akamkuta palepale.

"Nipe nusu ya uwanja huu," Bibi akamwambia.

"Mama, hapa watu hawalimi uwanjani. Wanaotesha nyasi."

"Nyasi za kulisha ng'ombe gani?"

"Hakuna ng'ombe, mama. Ni nyasi tu."

"Basi nipe robo."

Akapewa robo. Viazi vitamu vya dukani aliviloweka kwenye makopo ya maji dirishani hadi vikachipua, akakata marando, na mwezi wa Mei akainua matuta manne yaliyonyooka sawasawa. Kisha akayatandazia nyasi. Mtu wa Bukoba atanielewa: kwetu shamba lisilotandaziwa nyasi ni aibu ya mwenye nyumba, na wageni hulitazama hilo kabla ya kukutazama wewe. Jirani, mzee mmoja mstaafu aliyekata nyasi za uwanja wake kila wiki, alimpa Bibi mifuko na mifuko ya nyasi zilizokatwa, akishangaa kupata mtu wa kuzitaka. Bibi alizipanga nene, mpaka kwenye mashina, na kuzirudishia kila zilipooza. Kiangazi chote marando yalitambaa na kustawi. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile juu ya kitu kidogo hivyo. Alikuwa akiamka mapema, anavaa kandambili zake na soksi, anakwenda kuyasalimia matuta kabla ya kunywa chai.

Mwezi wa Septemba akachimba shina la kwanza. Juu majani yalikuwa mazuri kabisa. Chini kiazi kilikuwa ganda tu. Kimeliwa kuanzia upande wa chini, kikabaki na tundu ungeweza kutia kidole gumba. Cha pili vilevile. Akachimba tuta zima tukapata viazi vitatu vya kuliwa na binadamu. Bibi akakaa chini palepale udongoni. "Fuko," akasema. Wasiomjua fuko, ni mnyama wa kwetu anayeishi chini ya ardhi, anachimba njia zake gizani na kutafuna viazi na mihogo kutoka chini, mkulima akihesabu mavuno yake yeye anacheka huko shimoni. Na kweli, kwenye uwanja kulikuwa na mstari wa udongo ulioinuka, ukitoka kwenye matuta na kwenda moja kwa moja kwa jirani. Bibi alipinda fito, akatengeneza kitanzi kwa waya wa henga ya nguo, akategea njia ile jinsi baba yake alivyomfundisha. Mtego ulikaa siku nne bila kushika kitu. Akamwonyesha Deo kiazi kimoja. Deo alikuwa na tai shingoni na funguo mkononi, akakigeuza mara moja. "Hiki kimeoza tu, mama," akasema, akaenda kazini.

Kwetu mtego ukishindwa, kinachobaki ni jembe. Unaifuata njia ya fuko mpaka umkute alikolala. Basi Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda maktaba, na niliporudi nilikuta handaki limeanzia kwenye matuta yetu, limepita mpaka, limeuchana uwanja wa jirani katikati mpaka karibu na kibaraza chake. Bibi yumo ndani, khanga kiunoni, analima. Neema yuko nyuma yake na ndoo ya udongo, matope mpaka kwenye nyusi. Jirani amesimama na kikombe cha kahawa. Nadhani kama Bibi angekuwa kijana, mzee yule angeita polisi. Kwa vile alikuwa bibi kizee, jirani alibaki kutazama tu. Deo alirudi kutoka kwenye kikao cha kanisa akaiona hali ile akiwa bado barabarani, kabla hajazima gari. Hakumgombeza mama yake. Alivua koti akafukia handaki lote kwa mikono yake, akaenda kununua mbegu za nyasi, akamwomba jirani radhi mara tatu. Mezani jioni ile hakula.

Jumapili ya wiki iliyofuata, kabla ya ibada, nilimsikia Deo kwa lile bomba la jikoni. Alikuwa na kadi ya simu, anaongea na kaka yake aliyeko Mwanza. "Mama yuko confused, kaka. Anaona wanyama wasiokuwepo. Majani mazima, yeye anasema viazi vinaliwa. Juzi amechimba uwanja wa mtu, kaka, nimeaibika." Akamsikiliza kaka yake. "Hapana, hapa hatuna mtu wa kukaa naye muda wote. Koku ni mtoto, ana masomo yake. Nimeona nyumba moja ya wazee kule Rockville. Ni safi. Nimesha-book, mwisho wa Oktoba tunakwenda wampime." Kisha nikasikia kitu ambacho sijamwambia mtu hadi leo. Deo alikuwa analia. Miaka yote niliyomjua baadaye sikumwona akilia tena, hata alipofiwa na mkewe, na watu wanaposema kwamba sisi tulioko huku tunawatupa wazazi wetu, mimi huisikia sauti ile katika bati.

Kijitabu cha picha cha nyumba ile ya wazee, alichokileta Deo, kilikaa juu ya friji. Bibi hakusoma Kiingereza, lakini picha zilimtosha. Alikishusha, akatazama wazee wa Kizungu waliokuwa wakicheka kuzunguka meza. "Hawa watoto wao wako wapi?" akaniuliza. Nikakirudisha juu ya friji. Tangu siku ile hakuzungumza tena habari za fuko mbele ya Deo. Akijibu, alijibu kwa neno moja, na chakula alichopika kikaanza kukosa chumvi.

Wiki ya kwanza ya Oktoba nilisinzia juu ya kitabu, mchana kweupe, na nilipozinduka Bibi hakuwepo. Kanisa lilikuwa mitaa miwili kutoka nyumbani, na alishakwenda huko peke yake mara mia. Nikakimbia kanisani, hayupo. Nikazunguka mitaa mpaka miguu ikaniishia, nikarudi nikakuta simu inalia. Alikuwa mwanamke Mkongo mwenye saluni ya kusuka nywele kule Bladensburg. "Allô? Iko mama moya huku kwangu," akasema. "Alitoka mu bisi, alikuwa analia. Namba nimeipata mu kitambaa yake." Bibi alikuwa amefunga namba ya simu kwenye pindo la khanga. Nilipofika nilimkuta amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, kapewa soda, amenyooka utadhani mgeni wa heshima. Hakuniita jina. Aliniita jina la dada yake aliyekufa msichana. Tulipokuwa ndani ya basi akarudiwa na fahamu, akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie Deo," akasema. "Niapie." Nikaapa. Sikuapa kwa ajili yake tu. Nilikuwa nimelala wakati wa zamu yangu, na kama Bibi angepelekwa Rockville, mimi na mikoba yangu tungelala wapi?

Darasani kwetu kulikuwa na kijana wa Kikenya, Njoroge, wa Nyeri, aliyefanya kazi mchana kwenye kampuni ya kutunza nyua za matajiri. Nilimsimulia habari ya handaki nikitaka tucheke. Yeye hakucheka.

"Hizo viazi zilikuwa na alama za meno?" akauliza.

"Vilikuwa na vijimistari. Viwili viwili."

"Basi hiyo si story ya kucheka. Huyo shosho anaweza kuwa right. Saturday nitapitia."

Jumamosi alikuja na buti zake za kazi. "Habari ya asubuhi, shosho," akamwambia Bibi, kwa jina la kwao la bibi. Bibi akamtazama tu, akingoja. Nikamfinya Njoroge. "Shikamoo," akasema. "Marahaba," akajibu Bibi, ndipo akampisha apite. Njoroge alianza na ule mstari wa udongo ulioinuka. Akaukanyaga, ukabonyea.

"Hii ni ya fuko, ukweli. Fuko wa huku. Lakini huyu hakuli viazi, shosho. Kazi yake ni minyoo na wadudu."

"Fuko asiyekula viazi?" Bibi akaguna. "Marekani hata fuko ameharibika."

"Sasa tumtafute mwizi mwenyewe." Akapiga magoti kwenye tuta, akafunua matandazo taratibu kwa vidole, kama anayefungua nywele za mtoto. Chini yake kulikuwa na njia. Njia ndogo, pana vidole viwili, nyasi zake zimekatwa na kukanyagwa zikalainika, vinyesi vidogo vya kijani vimetawanyika, inakwenda na kugawanyika na kukutana tena chini ya nyasi zote zile. Ilikwenda hadi kwenye tundu la duara, safi, lisilo na udongo uliotupwa nje. "Ona hiyo shimo. Fuko anatupa mchanga juu, huyu hatupi. Wazungu wanamwita vole. Ni kama panya, but mkia ni fupi na masikio imejificha kwa manyoya. Anapenda kutembea mahali amefunikwa, ndio mwewe asimwone. Hata barabara ya fuko anaipita, akiipata. Anakula roots, anakula viazi, na snow ikikuja anamaliza maganda ya miti." Akasita, akamtazama Bibi kwa haya. "Na hii nyasi yote, shosho, pole. Mmemjengea estate."

Nilimwona Bibi akitazama matandazo yake. Kazi ya miezi mitano, fahari yake ya pekee katika nchi ile, ndiyo iliyomfuga mwizi. Nilimhurumia kuliko siku ya handaki, kwa sababu siku ile alikuwa na hasira na hasira humsimamisha mtu. Alishika reki, akaanza kuziondoa mwenyewe, tuta kwa tuta, mpaka udongo ukabaki uchi. Njoroge alitaka kumsaidia, nikamzuia.

Njoroge alitufundisha yote aliyoyajua. Kwanza tuhakikishe kwamba wapo: tuliweka vipande vya tufaha kwenye njia zile, tukavifunika kwa vyungu vya maua, na asubuhi tukakuta vimetafunwa, alama za meno zimejipanga. Sumu alitukataza, kwa ajili ya paka wa jirani na bundi, na kwa ajili ya Neema. Tukatumia mitego ya panya ya kawaida, ile ya mbao. Mtego haukai kando ya njia wala haufuati njia. Unakaa kuikata njia, chambo kikiwa upande anakopita mnyama, miwili miwili ili akija toka huku au toka kule akutwe. Juu tukafunika maboksi yenye matundu, ndege wasije wakanaswa. Nyasi za uwanja tukazikata fupi. Bibi alilielewa jambo hili mara moja, kwa kuwa kutega ni kutega, na kesho yake alikuwa akimkosoa Njoroge kwamba mikono yake inanuka petroli. Alikagua mitego asubuhi na jioni. Alianza tena kutia chumvi kwenye chakula. Leo, baada ya miaka karibu thelathini ya kuuguza wazee, mgonjwa akiniambia kuna kitu kinachukua vitu vyake, sianzi kwa kumpima akili, kumuuliza leo ni siku gani. Naenda kwanza kuangalia.

Miadi ya Rockville ilikuwa Jumatatu. Jumapili tulipotoka kanisani Bibi alitandika gazeti kwenye ngazi za mlango wa jikoni, akawapanga juu yake wote walionaswa tangu Ijumaa, watano, wanene, wa rangi ya udongo, mikia mifupi. Pembeni akaweka kiazi kilichotafunwa. Kisha akaingia ndani kumenya ndizi, kana kwamba hakuna kitu.

Neema ndiye aliyewaona kwanza. "Dad, come look," akaita. "Bibi wasn't making it up."

Deo akatoka akiwa na suti yake. Akachuchumaa. Akamgeuza mmoja kwa kijiti, akayatazama meno yake ya mbele, akakichukua kiazi akayalinganisha na ile mistari. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha ndizi mkononi.

"Nisamehe, mama," Deo akasema. "Nilidhani..."

"Ulidhani nimerukwa na akili."

"Ndiyo, mama."

Kisha akanigeukia mimi. "Koku, wewe ndiye unayeshinda naye. Niambie ukweli. Kuna jambo lolote jingine nisilolijua? Kusahau, kupotea, chochote."

"Hakuna, kaka," nikasema, macho kwenye gazeti. Niliongopa kwa ajili ya Bibi na niliongopa kwa ajili ya kitanda changu, na kipi kilizidi sijui hadi leo.

"Mwongo huyo," Bibi akasema.

Akakiweka kisu chini, akamtazama mwanawe.

"Nilipotea, Deo. Nilikwenda kanisani nikajikuta mbali, mjini kwingine kabisa, silijui jina la mtaa wala jina langu. Huyu alinifuata, nikamwapisha asikuambie. Na juzi nilisimama mbele ya jiko sijui napika nini. Inakuja, inaondoka."

Deo alisimama taratibu. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilikuambia viazi vinaliwa. Kiazi kitu cha kushika mkononi, na hukuniamini. Hili la kichwani ningekuonyesha na nini?" Sauti ikamkatika, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikikatika. "Leo umeniamini. Ndiyo maana nakuambia. Naogopa, mwanangu."

Deo aliketi kwenye ngazi na suti yake, karibu na wale panya, akamshika mama yake mkono akamketisha kando yake. "Nieleze," akamwambia. "Anza ulipotoka mlangoni." Bibi akamweleza, tangu alipovaa viatu, na hakuna aliyemkatiza. Asubuhi Deo alipiga simu Rockville akafuta miadi, kisha akapiga ofisini kwake kuomba wampunguzie siku za kazi. Bibi aliishi katika nyumba ile miaka minne zaidi. Mwaka wa mwisho alikuwa akimwita Deo kwa jina la marehemu mumewe, na Deo alikuwa anaitika.